Kutoka ubao wa 1978 mpaka maharagi yangu: historia fupi ya Excel



Kila mwaka, siku za kuweka mémoire zikikaribia, telefone yangu hailali. "Yaya, Excel inanikatalia." "Yaya, inaniandikia alama za dièse tu, namba sizioni." "Yaya, moyenne inanipatia elfu arobaini, na maharagi yangu hayakufika hata kilo mbili!" Ile ya dièse jibu lake ni fupi: panua safu, namba iko pale pale, imekosa tu fasi ya kukaa. Ile ya elfu arobaini jibu lake ni refu. Linaanzia Marekani mwaka 1978, linapita London, linagusa mpaka Ubelgiji, kisha linarudi ku shamba la mama mmoja hapa kwetu, fasi mimi mwenyewe nilikosea. Leo ninaliandika lote mara moja, ili siku nyingine nikiulizwa nitume tu hii.

Tuanze na karatasi. Mbele ya mashini, wahasibu walikuwa na karatasi pana yenye mistari na safu, penseli, na kifutio. Kampuni ikitaka kujua faida yake ya miaka mitano inayokuja, mtu anaandika mauzo, matumizi, mishahara, anajumlisha chini, anajumlisha kando. Kisha mkubwa anaingia, anasema: "Na kama bei ya mafuta ikipanda?" Basi yule mtu anafuta jumla ya chini, anafuta jumla ya kando, anafuta mwaka wa pili sababu unategemea wa kwanza, anafuta wa tatu sababu unategemea wa pili. Aliyewahi kusaidia mzazi wake kufanya hesabu za duka ndani ya kaye anaelewa ile kazi. Shida haikuwa kujumlisha, shida ilikuwa kurudilia.

Mwaka 1978, ku shule ya biashara ya Harvard, kijana mmoja jina lake Dan Bricklin alikuwa amekaa ndani ya kelasi. Alikuwa na miaka 26, umri wetu kabisa. Alikuwa ameisha kupata diploma yake ya MIT mwaka 1973, amefanya kazi ku kampuni ya kompyuta inayoitwa Digital Equipment Corporation, kisha akarudi masomoni. Mwalimu alikuwa mbele, amechora ku ubao jedwali la hesabu za kampuni. Kila alipoona kosa, ao alipotaka kubadilisha namba moja, ilibidi afute na kuandika upya namba zote zilizoifuata. Wanafunzi wengine walinakili. Bricklin akajiuliza kwa nini ubao wenyewe usiweze kujihesabu.

Alichokiota kwanza kilikuwa karibu mchezo wa sinema. Aliwaza kikokotozi chenye kibolingo chini yake cha kusukuma ku meza, na namba zinazoonekana hewani mbele ya macho, sawa vile rubani wa ndege ya vita anavyoziona. Hiyo haikuwezekana. Lakini mwishoni mwa mwaka ule alikopa Apple II kwa Dan Fylstra, aliyekuwa na kampuni ndogo ya kuuza programu, na kwa wikendi moja akaandika jaribio la kwanza kwa lugha ya BASIC. Ile Apple II haikuwa na panya. Alijaribu kutumia kile kifundo cha kuchezea michezo ya video, hakikulenga vizuri. Na klavie yake ilikuwa na mishale miwili tu, wa kushoto na wa kuume. Basi wakatumia ile miwili, na kitufe cha nafasi njo kilibadilisha mwelekeo: ukikibonyeza, mishale inaanza kwenda juu na chini. Ku jaribio hili njo tunaona mawazo tunayotumia mpaka leo bila kufikiri: safu zina herufi, mistari ina namba, kila kisanduku kina anwani yake kama A1 ao C7, na ndani ya kisanduku unaweza kuweka neno, namba, ao fomula inayoita visanduku vingine.

Programu ya kweli iliandikwa na rafiki yake Bob Frankston, kati ya mwisho wa 1978 na 1979. Alifanya kazi usiku, sababu walikodi saa ku mashini kubwa ya MIT, na usiku bei ilikuwa chini. Wadogo munaongojea forfait ya usiku ili kupakua vitabu, mujue hamukuanza ninyi. Kampuni yao waliifungua mwanzoni mwa 1979, wakaiita Software Arts. Na Bricklin, kwa kuwa alikuwa bado mwanafunzi, alitumia ile programu isiyoisha kufanya kazi ya nyumbani juu ya kampuni ya Pepsi. Wenzake walileta hesabu moja moja, yeye akaleta makadirio ya miaka mitano mbele. Mwalimu alishangaa.

Waliiita VisiCalc, jina linalotokana na maneno ya Kiingereza ya kikokotozi kinachoonekana. Iliuzwa kuanzia Oktoba 1979, kama dola 100. Ilikuwa na mistari 254 na safu 63. Kwa mtu aliyezoea karatasi, hiyo ilikuwa dunia nzima. Sasa angalia kitu cha ajabu: mashini ya kuiendesha iligharimu dola zipatazo 2,000, na watu waliinunua kwa ajili ya ile programu ya dola 100. Mpaka siku ile, kompyuta ndogo ilikuwa kitu cha wapenda-elektroniki na watoto wa michezo. VisiCalc njo iliiingiza ku ofisi. Mhasibu aliyeona kwa mara ya kwanza namba moja ikibadilishwa na jumla zote zikifuata zenyewe, kazi ya juma lake lote ikiisha kwa dakika, hakuhitaji kushawishiwa.

Hapa niseme haki ya watu wengine. Bricklin hakuwa wa kwanza kabisa kufikiri jedwali ndani ya kompyuta. Mwanazuoni wa uhasibu Richard Mattessich alikuwa ameandika juu ya wazo hilo tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na mwaka 1969 Rene Pardo na Remy Landau walitengeneza LANPAR, iliyotumiwa na makampuni makubwa ya simu kwa bajeti zao. Lakini hizo zilikaa ku mashini kubwa za makampuni. Mtu wa kawaida hakuzigusa. Historia ya teknolojia iko hivyo mara mingi: anayekumbukwa ni yule aliyekifikisha kitu mikononi mwa watu.

Na kukumbukwa siyo kutajirika. Wanasheria waliwaambia vijana wale kwamba programu ilikuwa vigumu sana kupewa hati ya uvumbuzi wakati ule, basi hawakuiomba. Mlango ukabaki wazi.

Aliyeingia ni Mitch Kapor. Alikuwa amewahi kufundisha meditasyo, na jina la kampuni yake, Lotus, linatoka huko, ku namna ya kukaa ya wale wanaofanya meditasyo. Alikuwa ameisha kufanya kazi na wale waliouza VisiCalc, kwa hiyo alijua vizuri mapungufu yake. Pamoja na Jonathan Sachs, aliyeandika programu, alitoa Lotus 1-2-3 mwezi wa Januari 1983, kwa ajili ya kompyuta mpya ya IBM. Tatu kwa moja: jedwali, michoro, na kupanga data. Iliandikwa kwa lugha ya chini kabisa ya ile mashini, kwa hiyo ilikimbia. Kapor alikuwa amepanga kuuza dola milioni 1 mwaka wa kwanza, akauza milioni 53. Mwaka 1985 Lotus ikanunua Software Arts yenyewe, na VisiCalc ikazimwa. Miaka sita tu tangu izaliwe.

Lotus ilituachia pia zawadi moja ya kuchekesha, na unaweza kuijaribu leo jioni. Ndani ya Excel, andika 60 ndani ya kisanduku, kisha badilisha umbo lake liwe tarehe. Utaona 29/02/1900. Ile siku haikuwahi kuwako! Mwaka unaogawanyika kwa 100 hauna tarehe 29 Februari mpaka ugawanyike pia kwa 400, kwa hiyo 2000 ilikuwa nayo, 1900 haikuwa nayo. Lakini Lotus 1-2-3 ilihesabu kwamba ilikuwa nayo. Microsoft ilipotengeneza Excel, ilitaka mafishie ya Lotus yafunguke bila tarehe kuhama siku moja, basi ikanakili na lile kosa. Mpaka leo liko. Ukifanya jaribio hilo hilo ku LibreOffice Calc, utapata 28/02/1900.

Nimeeleza hii sababu ndani yake kuna siri ya elfu arobaini. Ku Excel, tarehe ni namba iliyovaa nguo. Ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900. Siku za miaka yetu hii zimepita 40,000. Kwa hiyo moyenne ya maharagi ikikupa elfu arobaini, jua kuna tarehe imejificha kati ya kilo zako. Itakujaje? Subirini, tunafika.

Excel yenyewe ilitoka mwaka 1985, na ilitoka ku Macintosh, siyo ku Windows. Ku Windows ilifika 1987. Mbele yake Microsoft ilikuwa na programu nyingine, Multiplan, ya 1982, iliyopigwa na Lotus vibaya sana. Lotus ilifanya kosa la mshindi: ilichelewa kuamini Windows. Ilipoleta 1-2-3 ya Windows mwaka 1991, watu walikuwa wameisha kuzoea kubofya ndani ya Excel. IBM ilinunua Lotus mwaka 1995 kwa dola bilioni 3.5, na mwaka 2014 ikaacha kabisa kuihudumia 1-2-3. Excel ikabaki mfalme. Ilikuwa na raha kiasi kwamba ndani ya Excel 97 waandishi wake walificha mchezo mzima wa kurusha ndege: unafuata mpangilio fulani wa vitufe, jedwali linapotea, unajikuta unaruka juu ya milima ya zambarau, na ku jiwe moja majina ya waliotengeneza programu yanapita. Siku hizi Microsoft hairuhusu tena kuficha vitu kama vile. Kwa usalama ni sawa, lakini ninasikitika kidogo.

Kwa sisi wa Kongo, Excel ilikuja na nguo ya Kifaransa. SUM ya wengine kwetu ni SOMME, AVERAGE ni MOYENNE, IF ni SI, na yule mnyama anayeogopesha kila mtu ku test ya kazi, VLOOKUP, ni RECHERCHEV. Ndiyo maana ukifuata video ya YouTube ya mwalimu wa Nairobi na kuandika fomula yake neno kwa neno, mashini yako inakujibu #NOM?. Yeye anatenganisha vipande vya fomula kwa virgule, wewe unatakiwa kuweka point-virgule. Na hapa tunafika ku tofauti ndogo zaidi, nukta moja tu, iliyotaka kuniharibia mémoire: yeye anaandika kilo moja na nusu hivi, 1.5, na sisi tunaandika 1,5.

Lakini kwanza niwaonyeshe kwamba wakubwa wameanguka mbele yangu.

Mwaka 2010, wanauchumi wawili wakubwa wa Harvard, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa karatasi juu ya deni la serikali. Walionyesha kwamba nchi ambazo deni lao lilipita asilimia 90 ya uchumi wao, ukuaji wao wa wastani ulishuka chini ya sifuri, -0.1. Ilikuwa wakati wa shida ya fedha Ulaya, na wanasiasa waliitaja sana kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013, mwanafunzi mmoja wa University of Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa kazi ya kelasi: chukua karatasi inayojulikana, rudilia hesabu zake. Hesabu zikakataa kufanana. Akaomba fishie yao, wakampa, na hapo waheshimike. Akafungua Excel, akabofya kisanduku cha moyenne. Fomula ilianza mstari wa 30 ikaishia mstari wa 44. Nchi zilifika mstari wa 49. Tano zimeachwa inje: Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark. (Ndiyo, Ubelgiji. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alicheka mpaka machozi, akasema mara hii njo wao wamesahauliwa ku hesabu.) Tuwe wakweli: kosa la Excel halikuwa peke yake, Herndon na walimu wake walikataa pia namna data zingine zilivyochaguliwa na kupewa uzito. Walipopanga yote upya, -0.1 ikawa 2.2. Lakini lile la Excel njo kila mtu alilikumbuka, sababu ni kosa la kuvuta panya na kuachilia mapema. Nani kati yetu hajawahi?

Mwaka 2020, Uingereza, wakati wa Covid. Matokeo ya vipimo yalikuwa yanakusanywa ndani ya mafishie ya Excel ya namna ya zamani, ile ya .xls, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Mgonjwa mmoja alichukua mistari mingi. Fishie ilipojaa, mistari iliyofuata haikuingia. Hakuna kengele iliyolia. Kesi 15,841 hazikuhesabiwa kwa muda kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, na watu waliokuwa wamekaribiana na wale wagonjwa walichelewa kutafutwa. Excel mpya tangu 2007 inachukua mistari 1,048,576. Kubadilisha .xls kuwa .xlsx kungetosha.

Na wanabiolojia, jirani zetu ku faculté: kulikuwa gene inayoitwa MARCH1 na nyingine SEPT1. Excel ilifikiri ni tarehe moja ya mwezi wa tatu na tarehe moja ya mwezi wa tisa, ikazibadilisha bila kuuliza. Uchunguzi wa 2016 ulikuta kosa la namna hii ndani ya kama sehemu moja ya tano ya karatasi za genetiki zilizokuwa na orodha za gene ndani ya Excel. Mwishoni, mwaka 2020, wataalamu walikubali kushindwa: wakabadilisha majina ya gene zenyewe. Leo zinaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Binadamu ameogopa jedwali mpaka amebadilisha jina la kitu kilicho ndani ya mwili wake.

Sasa maharagi yangu.

Mémoire yangu ilikuwa juu ya aina za maharagi yanayopanda miti. Vipande vidogo vya mita 2 kwa 3, kila aina mara nne, ku shamba la mama mmoja ambaye pamoja na wenzake walikuwa na kikundi. Hawakutupatia shamba bure tu. Walitaka jibu: aina gani wanunue mbegu kwa pesa yao ya kikundi, mbele ya mvua ya Septemba. Kwao haikuwa mémoire, ilikuwa chakula na masomo ya watoto.

Tulipima mavuno, tukaandika ndani ya kaye. Kisha mimi na rafiki yangu tukagawana kazi ya kuingiza. Mimi nilikuwa na mashini ya AZERTY, nikaandika na virgule. Yeye alikuwa na mashini ya occasion yenye klavie ya QWERTY, akaandika na nukta, 1.2 na 1.35, bila kujua kwamba Excel yake imepangwa kwa Kifaransa. Kwa Excel ya Kifaransa, 1.2 siyo namba. Ni tarehe moja Februari! Na 1.35 ni Januari 1935. Tulipounganisha mafishie, moyenne ikaruka mpaka maelfu, tukaona zile "01-févr" na "janv-35" ndani ya jedwali, tukacheka, tukazisahihisha moja moja kwa kufuata kaye. Moyenne zikarudi ku kilo moja na kitu. Tukasema imeisha.

Haikuisha. Kulikuwa pia vipande vibovu, vilivyokaa fasi ya chini ambako maji yalituama. Vilizaa chini ya kilo moja: 0.80, 0.70. Fikiri sasa kama Excel. Je, 0.80 ni tarehe? Hapana, hakuna siku ya sifuri, hakuna mwezi wa sifuri. Ni namba? Hapana, namba ya Kifaransa ina virgule. Basi ni neno tu, kama vile "muhogo" ao "Bukavu". Na MOYENNE ikikuta neno, inaliruka kimya. Aina moja ilikuwa na 1,4 na 1,3 na hizo mbili mbovu. Moyenne yake ya kweli ni 1,05. Mashini ilinipatia 1,35, sababu ilihesabu viwili tu. Aina nyingine ilikuwa na 1,2 na 1,1 na 1,2 na 1,1, jumla moyenne 1,15. Mnaona wenyewe nani aliibuka wa kwanza. Zile vipande vilivyoshindwa, hivyo hasa, njo vilipotea. Kama vingekuwa vimepotea vingine kwa bahati tu, pengine isingeharibu kitu.

Aliyeiona siyo promoteur wangu, siyo mimi. Siku tatu mbele ya kuweka mémoire nilipita kuwaaga wale mamama na kuwapa jibu. Mama mwenye shamba alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka jembe chini.

"Mwanangu, hii mbegu unasema njo ya kwanza?"

"Ndiyo mama."

"Hii yenye maua meupe, iliyooza kule chini?"

"Ndiyo, lakini moyenne…"

"Mimi niliivuna na mikono yangu. Kule chini hata beseni haikujaa. Rudilia hesabu yako."

Nilitaka kumweleza moyenne ni kitu gani. Nashukuru nilinyamaza. Nilirudi nyumbani, courant haikuwako, nikangojea mpaka saa nne ya usiku, nikafungua fishie na kaye kando. Niliona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekiruka kwa majuma mawili: ndani ya ile safu, namba nyingi zilikaa upande wa kuume wa visanduku vyao, na chache zilikaa upande wa kushoto. Usipoigusa, Excel inaweka namba kuume na maneno kushoto. Ilikuwa inaniambia kila siku.

Tangu usiku ule nina tabia, na njo ninayowapa wadogo wanaonipigia. Chini ya kila safu ya namba ninaandika fomula mbili mbele ya moyenne yoyote: =NB( ) na =NBVAL( ) juu ya visanduku vile vile. NB inahesabu namba tu. NBVAL inahesabu kila kisanduku kisicho tupu. Zikifanana, endelea. Ikiwa NB inasema 14 na NBVAL inasema 16, kuna wawili wamevaa nguo za namba na siyo namba. LibreOffice ya Kifaransa inazo pia, majina ni yale yale, kwa hiyo asiyekuwa na pesa ya Excel hana sababu ya kuhangaika na matoleo ya wizi yaliyojaa virusi.

Kuhusu nukta na virgule: kama fishie imetoka telefone ao mashini ya Kiingereza, usiibofye mara mbili tu ikafunguka. Geuza kwanza ile safu kuwa "Texte" mbele ya kubandika, kisha rudisha umbo la namba, kisha Ctrl+H, badilisha nukta kwa virgule. Mpangilio huo ni wa lazima. Ukiisha kuacha 1.2 iwe Februari, Ctrl+H haitakuokoa, kaye njo itakuokoa. Kwa hiyo usitupe kaye. Na ukimaliza fomula, bofya mara mbili kisanduku chake: Excel itachora fremu ya rangi kuzunguka vile inavyohesabu. Herndon hakuhitaji zaidi ya pale.

Ku promoteur nilienda kesho yake asubuhi na kurasa mpya. Alikasirika kwa ajili ya kuchelewa, alisoma, akaniongezea juma moja. Sehemu ya majadiliano niliiandika upya yote, na ile ya maji yanayotuama ikawa sehemu bora ya kazi, sababu jury iliniuliza juu yake karibu nusu saa. Kikundi cha mamama kilinunua mbegu ya ile aina ya pili, ile ya 1,15. Kule chini ya shamba waliacha kupanda maharagi, wakaweka mateke.